Kichupa Kisichosomeka

Songea, Matogoro
Mwanzoni mwa Septemba

Dada yangu Somoe,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Kwanza nauliza mgongo wako, kisha mama na presha yake, kisha watoto, na kama mmeshamaliza kufagia chini ya mikorosho. Mimi ninakula, ninatembea, ninakwenda kazini. Anayeniona njiani anasema ni mzima. Mengine utayaona humu ndani.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani mnaiweka spika, na nikipiga baraza nzima inakusanyika, mpaka watoto wa jirani. Haya si ya spika. Nimempa bahasha mwalimu anayerudi Tunduru, nimemwomba akukabidhi mkononi. Utashangaa pia mwandiko wangu kuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la pili. Una sababu yake. Vumilia wingi wa karatasi.

Dada, mwezi wa saba nilirukiwa na damu jichoni.

Kazi yangu nilikwisha kukueleza. Mimi si mpimaji, ni karani wa dirisha la maabara. Pikipiki zinaleta vichupa vya damu kutoka zahanati za vijijini, nami ninalinganisha namba ya kichupa na namba ya fomu. Isiposomeka, ninaandika "imekataliwa", na zahanati inapigiwa simu imtoe mgonjwa damu upya. Vichupa vya Jumatatu karibu vyote ni vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Vinakwenda kupimwa wingi wa virusi.

Jumatatu hiyo ilikuwa ya baridi kali, ile inayoshuka kutoka milimani hapa Matogoro, vidole vimekufa ganzi. Kikaja kichupa kimoja ambacho wino wake umelowa, tatu huitofautishi na nane. Nilipaswa kukikataa, yaishe. Lakini unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikirudi mara tatu kutazama kama banda la kuku limefungwa. Nilitaka kuhakikisha kwanza. Na macho yangu unayajua pia: cha mbali nakisoma kwa miwani, cha karibu kwa kuivua. Nikavua miwani, nikakisogeza kichupa mpaka usawa wa pua, nikakizungusha kwenye mwanga. Kizibo hakikuwa kimekazwa. Kikatoka.

Lilikuwa tone moja, labda mawili. Yaliingia jicho la kulia. Yalikuwa ya baridi, maana vichupa husafirishwa kwenye barafu.

Nilikimbilia bombani nikanawa, nikanawa. Mwenzangu wa maabara, mtu wa utani mwingi, akapita nyuma yangu. "Macho Manne, unalia? Mchumba kakukataa?" Nikacheka. Nikasema ni vumbi. Uongo ule ulinitoka upesi kuliko jina langu.

Ajali ya namna hiyo inaandikwa kwenye daftari la ajali za kazini, na anayeliandika daftari hilo ni mimi. Najua nani hulifungua kwa kazi na nani huchungulia kwa umbea. Nililiona jina langu mle kabla sijaliandika. Niliwaona wakiniuliza kwa nini nilivua miwani, na ya kinga ilikuwa wapi. Nikakitupa kichupa kwenye pipa la taka za hatari, nikaandika: "Imekataliwa, haisomeki." Maneno ya kweli, lakini niliyafanya mfuniko.

Sasa sikiliza kilichonitesa zaidi. Wiki moja kabla ya hapo daktari wetu alinipa nimchapie somo lake la wauguzi. Linahusu kima. Usicheke. Najua tulivyokua, wewe na debe, mimi na manati, tukiwafukuza nyani na tumbili kwenye mahindi. Daktari anaandika kwamba tumbili wa huku kwetu Afrika wengi wana kirusi chao, cha ukoo mmoja na cha binadamu, na wanaishi nacho bila kuugua. Wanaougua ni kima wa Asia, na hao ndio wanaotumiwa kwenye maabara za ng'ambo. Wanatiwa kirusi kwenye ngozi laini ya ndani, ile yenye unyevu, kisha inatazamwa siku hadi siku kinapita wapi. Na ili kutazama ndani, wanawaua, mmoja siku ya kwanza, mwingine ya tatu, mwingine ya saba.

Nilipolichapa mara ya kwanza nilikuwa nasahihisha nukta na mkato tu. Jumanne nikafunga mlango, nikalifungua tena, nikalisoma kama mtu anayesomewa hukumu. Linasema kirusi hakienei mwilini papo hapo. Kinaanza na chembe hai chache mno, mahali padogo, kama cheche iliyoangukia ukingo wa paa la nyasi. Walinzi wa mwili wanakimbilia kuizima, na haohao ndio inaowashika, wanageuka nyasi zaidi. Siku za mwanzo moto uko palepale. Kisha unafika kwenye matezi, na ukishafika huko hautoki. Kima waliopewa dawa mapema walinusurika. Waliocheleweshewa mpaka siku ya tatu, wengine walishikwa. Ndiyo maana sisi watu tumewekewa saa sabini na mbili kuanza dawa, na kila saa inayopita inakula faida yake.

Nilijua, dada. Nililichapa kwa vidole vyangu. Bado Jumanne ikapita, Jumatano ikapita, nikihesabu saa kama aliyefunga anavyoisubiri magharibi, na kitini siinuki. Niliwaogopa watu kuliko ugonjwa.

Alhamisi asubuhi akaja dirishani mama mmoja wa makamo, kitenge mabegani, ametokea upande wa Hanga. Alikuja mjini kwa binti yake, akaona apite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zahanati wameniambia damu yangu imekataliwa. Nimekuja kuuliza, imekosa nini?"

Akaendelea polepole, kama anayejitetea barazani. "Dawa nameza. Kila siku, sijaruka. Muulize hata binti yangu. Sasa inakataliwa kwa lipi?"

"Haikukosa kitu, mama. Namba ilifutika. Kosa ni la hapa."

"La hapa?"

"Langu."

"Kumbe," akasema, akashusha pumzi. "Tangu juzi nasema labda nimeshaoza mpaka mashine zinanikataa."

Alinishukuru, dada. Mimi. Alipoondoka ilikuwa saa tatu, na damu ilinirukia Jumatatu saa tano. Nilikuwa nimebakiwa na saa mbili. Nikainuka.

Nilimwendea muuguzi wa kitengo cha dawa za virusi, mtawa wa Kikatoliki tunayemwita Sista.

"Lini?" akauliza.

"Jumatatu."

"Na leo?"

"Alhamisi."

Akanitazama. "Rashidi, wenzako wote unawaandika wewe. Wewe ulikuwa unamsubiri nani akuandike?" Kidonge cha kwanza kilikuwa mkononi mwangu kabla hajamaliza kunigombeza. Nikaanza kuomba radhi. "Meza kwanza," akasema. "Aibu utaimeza baadaye."

Daktari akaniambia jicho ni njia finyu, uwezekano ni mdogo sana. Nikamwambia mdogo si sifuri. "Si sifuri," akakubali. Akasema kama kichupa kilikuwa cha mama yule, na dawa anameza kama anavyosema, huenda damu yake imetulia, haiambukizi. Majibu ya damu yake ya pili nimeomba mwenzangu ayapokee, yasipite mikononi mwangu. Ni ya mama, si yangu.

Nimemeza vidonge siku ishirini na nane, kwa kichefuchefu na ndoto mbaya. Kipimo cha kwanza kimetoka safi. Cha mwisho ni mwisho wa mwezi ujao. Hapo katikati sijui mimi ni kima yupi.

Ninalokuomba ni hili: nikahi yangu isogezwe mbele, mpaka majibu ya mwisho yatoke. Najua uzito wake. Msimu wa korosho ukianza hakuna arusi mpaka umalizike, na Mjomba Saidi alikwisha kutoa neno kwa wakwe. Neno la mjomba kwetu ndilo neno. Atadhani nimepata mwanamke huku. Ningeweza kuandika kwamba nimenyimwa likizo, na kweli nimenyimwa. Ungekuwa mfuniko mwingine.

Nisalimie mama, umwambie macho yangu yanaona vizuri. Nisalimie Mjomba na mkewe, na bibi, na wanao wote, hasa yule aliyeanza chuo cha Kurani. Lakini kabla hujawasalimia, kabla hata mama hajajua, mpelekee Zainabu barua hii. Mchumba ni yeye, na kama kuna moto, nyumba itakayoungua ni yake. Akisema hataki kungoja mtu kama mimi, asilaumiwe na yeyote.

Unajua aliishia darasa la nne. Anasoma kwa kufuata kidole, na herufi ndogo humshinda. Usimsomee, dada. Mpe karatasi hizi, utoke nje, umrudishie mlango. Nimeandika hivi ili lisiwepo hata neno moja la kumlazimu kumwita mtu.

Mdogo wako,
Rashidi