Kidole Gumba cha Shangazi

Jumatatu, 7 Julai

Chiwanda, kwa Shangazi, ziwani. Asubuhi mazoezi ya viola, mkono wa kulia tu, mchana kusoma. Usipa, dagaa wa huku, umeanikwa mpaka mlangoni, viola yote inanuka samaki. Potelea mbali. Limebaki zoezi moja tu nimalize shahada ya uzamili ya ualimu wa fidla na viola: nimfundishe mtu mzima ambaye hajawahi kugusa chombo cha muziki, somo la kwanza kabisa, lirekodiwe mwanzo mpaka mwisho bila kukatwa, kisha nimtumie Dokta, msimamizi wangu. Nikifeli hilo, shahada hakuna. Shangazi amekubali kuwa mwanafunzi. Anaimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, viola itamfaa, maana sauti yake ni nzito kuliko ya fidla. Ana furaha huyo! Kafua kitenge chake kizuri kwa ajili ya video.

Jumanne, 8 Julai

Nimeharibu.

Shangazi aliubana upinde kama mpini wa jembe, kidole gumba kimenyooka kama msumari. Nikamrekebisha. Akabana tena. Nikamrekebisha. Akabana tena. Nikapandwa na hasira: "Mikono ya jembe hii, utaweza wapi!" Kamera inarekodi. Akacheka kidogo, akaviangalia viganja vyake, akaendelea.

Mikono hiyo ya jembe ndiyo iliyonilea. Na mimi ndiye niliyeandika insha ndefu kuhusu kutomvunja moyo mwanafunzi, nikapata alama za juu. Nimeitazama video. Yule mwanamke mwenye kelele ni mimi. Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 10 Julai

Siwezi kumtumia Dokta kitu kile. Siwezi.

Tutarudia. Nimemwomba Shangazi ajifanye hajawahi kuishika viola. Akauliza, "Kwani ile ya juzi ina nini?" Nikamwambia sauti haikuingia vizuri. Akasema haya, mwanangu, kama itakusaidia.

Jioni nimemkuta jikoni ameshika mwiko kwa vidole, anaupeleka kushoto na kulia hewani. Anafanya mazoezi. Nikarudi kinyumenyume asinione.

Jumatano, 16 Julai

Tumerudia. Nilikuwa mpole, asali tupu. "Vizuri sana, Shangazi. Taratibu, Shangazi." Naye akajifanya hajui kitu, akashangaa kila nilichomwonyesha, hadi akauliza nyuzi ni ngapi. Anaigiza vibaya, maskini. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda Mbamba Bay kutafuta mtandao. Video imekwenda. Nilidhani nitapumua.

Jumanne, 22 Julai

Dokta amepiga. Kasifu upole wangu. Upole wangu! Kisha: "Nina swali. Mwanzoni kabisa, kabla hujamwonyesha chochote, anauchukua upinde na kidole gumba tayari kimekunjwa pale panapotakiwa. Mtu wa siku ya kwanza hafanyi hivyo. Nani alimfundisha?"

Wala sikuliona hilo gumba. Sote wawili hatukuliona. Shangazi alikumbuka kuufanya uso wake usijue, ulimi wake usijue, kila kitu. Gumba tu ndilo halikusahau.

Ningesema ukweli pale pale. Nikasema ni kipaji tu, Dokta, ana kipaji. Akasema angependa kuzungumza naye kesho.

Jumatano, 23 Julai

Sikumwambia Shangazi aseme nini. Najidanganya kwamba hiyo ni afadhali. Nilimpa simu nikasimama mbele yake, nikamwangalia. Ilitosha.

Dokta alimwamkia shikamoo, akamuuliza kama siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kushika viola. Shangazi akaniangalia. "Ndiyo, mwalimu. Mara ya kwanza."

Akanirudishia simu. Akatoka kwenda kugeuza usipa ambao alikuwa ameshaugeuza.

Ni kiongozi wa akina mama kanisani. Nimemfanya nini mama wa watu?

Jumapili, 27 Julai

Misa. Benchi letu lote likasimama kwenda komunyo. Shangazi akabaki amekaa; mwenye dhambi ambayo hajaiungama hapokei. Akina mama wakampita, kila mmoja anamtupia jicho. Mimi nikaenda. Nilikuwa nimeshasimama, ningerudije? Nikafika mbele nikiwa nimeinamisha kichwa, nikapokea. Mungu anisamehe.

Nje jirani akamuuliza kama anaumwa. Akajibu, "Nipo tu."

Nimechoka kujiona.

Jumatatu, 28 Julai

Mbamba Bay tena. Nimempigia Dokta nikamwambia yote, nimemtumia na ile video ya kwanza, na maneno yangu ya jembe humo ndani. Akasema ataipeleka idarani, na kwamba huenda nikaondolewa kabisa. Hakunikaripia. Bora angenikaripia.

Nyumbani nikamweleza Shangazi. Nilitegemea atafurahi, mjinga mimi. Akasema, "Ungemwambia kabla hajanipigia mimi."

Ijumaa, 1 Agosti

Idara wamejibu. Sifukuzwi. Narudia mwaka mzima wa mafunzo ya kufundisha, chini ya uangalizi. Nimesoma ujumbe nikalia, kisha nikaona haya kulia.

Jumamosi, 2 Agosti

Shangazi amekwenda kwa padri kuungama. Nilitaka kumsindikiza, nimweleze padri kwamba kosa ni langu. Akakataa. "Nilisema kwa mdomo wangu."

Nimebaki namenya mihogo. Ziwa limetulia leo.

Amerudi, akanawa, akakaa. Nikamwandalia. Hakugusa chakula. Akasema, "Dokta umemwomba radhi?"

Nikasema ndiyo.

"Na idara?"

Nikasema nimewaandikia.

"Mimi je?"

Nilianza kusema habari ya simu. Akatikisa kichwa. Akaniwekea mikono yake mezani, viganja juu, akangoja.

Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti. Nikalitamka neno lenyewe la jembe nililomwambia siku ile, lote, kisha nikamwomba radhi kwa hilo. Hakunisaidia.

Nilipomaliza akasema, "Haya. Nimesikia."

Tukala.