Miguu ya Alhamisi Kuu

Otiende, leo karibu nitolewe kanisani juu ya miguu.

Si unajua niko kwa wale kumi na wawili wa kuoshwa miguu na Father leo Alhamisi Kuu. Sasa Kwaresima yote nimekuwa nikimkamulia Mama Nyaguthii ng'ombe, tangu avunjike mkono. Nimetoka huko mbio, matope mpaka kwa magoti.

Wale wengine wote wameoga nyumbani. Wamejipaka mafuta, wamevaa soksi mpya.

Chairman wa kanisa, Nderitu, akaninong'onezea, "Kijana, toka. Chief amekaa hapo mbele na watu wa chama. Enda uoshe miguu kwanza."

Nioshe kwanza, ndio nioshwe. Hebu fikiria.

Nikamwambia, "Mzee, sitoki. Kama ni safi, Father anaosha nini?" Watu wakasikia. Mimi nikakaa.

Father akafika kwangu. Maji ikageuka kama chai ya maziwa. Akasugua tu, akaitisha beseni ingine.

Huko nje Nderitu ananiambia kesho kwa Njia ya Msalaba nisiguse msalaba. Nimemwambia nitaubeba kutoka mtaa wa Pioneer mpaka town. Aje aninyang'anye, chief wake akiona.