Roboti ya Glodi Haijui Kupanda

Mama Brigitte mpendwa, nakuandikia huko redioni nikiwa sokoni nyuma ya meza yangu ya vitenge, naomba unishike mkono maana nimekwama na sina mwingine wa kumwambia, mama yangu angelia tu na baba angemfukuza mume wangu nyumbani.

Mume wangu anaitwa Glodi, tunaishi Kapata katika chumba cha nyuma kwa wazazi wangu, zamani alikuwa mchimbaji Kasulo, yeye na rafiki yake Dady, mmoja anashuka shimoni na mwingine anabaki juu na kamba, na siku ile aliyeshuka alikuwa Dady, udongo ukaanza kumwagika, Glodi akamwita apande, Dady akajibu kutoka chini, "Uniache kidogo, iko karibu," yaani madini, kisha ardhi ikamfunika. Glodi alirudi na ile kamba mkononi, hakula, aliniambia tu, "Tina, mi sitashuka tena mu shimo."

Tangu hapo anajifunza kuandika programu, Mama, mtu ambaye hakumaliza sekondari, ana kompyuta kuukuu na video za Kifaransa, anataka kutengeneza roboti, si ya chuma, ni maagizo tu anayoyaandika kwenye programu ya kununua na kuuza fedha za kigeni ili ifanye biashara yenyewe, na mimi nampenda nikimwona pale kitandani, kompyuta mapajani, ameweka alama moja mahali pasipo pake na mashine imegoma, anakuna kichwa, halafu inakubali na anapiga kelele, "Tina, kuya uone! Inanisikia!" na mimi naacha sufuria nakimbia, sijui ninachokitazama lakini nacheka naye.

Shida ni kwamba roboti inashindwa kila mara, heri bado ni pesa za mazoezi ambazo si pesa kweli, amenieleza kwamba ameiamuru bei ikishuka inunue, ikishuka zaidi inunue zaidi, nikamuuliza mbona haiachi, akanijibu kwamba mali iko huko chini, "Bitu biko chini, Tina. Uniache kidogo, iko karibu." Sasa anasema kujifunza bila pesa ya kweli ni mchezo wa watoto, anataka mtaji wangu wa vitenge auingize humo, na nikikataa atarudi Kasulo kuutafuta mwenyewe. Mama, bora nipoteze vitenge vyote kuliko kumpoteza yeye. Asubuhi hii kidogo nimkabidhi. Nimpe?

Tina, Kapata

*

Tina mwanangu, pole sana. Usimpe.

Nimeanza na hilo ili ulisikie hata kama umeme utakatika huko kwenu kabla sijamaliza. Sasa kaa, tuongee. Unataka kumnunua mumeo asiende shimoni, na moyo wako nauona. Lakini mtaji ukiisha atashuka vile vile, tena na aibu juu yake, na wewe utakuwa huna cha kuuza. Hapo utakuwa umemwokoa nani? Nakugombeza kwa sababu nakupenda.

Mimi kompyuta siijui, hata simu yangu inanishinda. Ila barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili ilibidi nivue miwani. Tazama ulichoandika wewe mwenyewe. Dady alijibu nini kutoka shimoni? Na Glodi alikujibu nini kitandani? Ni maneno yale yale, Tina. Mumeo ameacha shimo, lakini ameifundisha mashine kuchimba. Shimoni ukishuka zaidi unaweza kulikuta jiwe. Chini ya bei hakuna jiwe, bei inaweza kushuka tu na kuendelea kushuka. Nimemuuliza Samy, fundi wetu wa kompyuta hapa redioni, anasema ipo amri ya kuiambia mashine: ukipoteza mpaka hapa, toka. Glodi hajaiandika. Usidhani hana akili. Alishamwita rafiki yake apande na rafiki hakupanda, neno hilo la kutoka ni zito kwake.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimkataze kujifunza, mwanaume anayepiga kelele za furaha kwa sababu ya alama moja bado yuko hai, shukuru. Songa bukari, mle, kisha umwambie unachokiogopa, na usianze na habari za vitenge. Mwambie, "Glodi, mi niko naogopa kukuzika." Akishakusikia, mwonyeshe jibu la Dady na jibu lake. Pesa ya mazoezi ibaki ya mazoezi, na vitenge vibaki sokoni viwalishe. Kuhusu kazi, Samy anatafuta mtu wa kumsaidia kutengeneza kompyuta za watu. Glodi aje hapa redioni Jumatatu asubuhi, amuulizie mlangoni. Malipo ni madogo, sikudanganyi, ila kila jioni atarudi nyumbani.

Halafu mwombe aandike ile amri iliyokosekana. Kaa kitandani kando yake, na sufuria ikitaka kuungua, iungue. Hiyo moja asiiandike peke yake.