Kuku Aliyefungwa Vijiti Pamoja na Babu Yako

Mjukuu wangu Tusekile,

Hapa Mbozi mibuni imechanua, nasi tumepalilia kaburi la babu yako. Umeniuliza kama ule unga wa madini mnaoujaza huko hospitalini kwenu kwenye mfupa uliovunjika unauunga kweli.

Enzi za Mwingereza, tukiwa maharusi, babu yako alivunjika mguu. Nililia, nikidhani hatatembea tena. Fundi wa mifupa akamvunja kuku mguu vilevile, akawafunga wote wawili vijiti, akaniambia:

"Kuku akitembea, na mumeo atatembea."

Nikamlisha kuku yule kwa mkono wangu. Mama mkwe akanitania, "Mwanangu, umeolewa na nani hasa?"

Siku kuku alipotembea, mpenzi wangu alisimama, akaniegemea. Vijiti vilishikilia tu; mfupa ulijiunga wenyewe. Nadhani unga wenu nao ni wa kuegemewa tu, mfupa ukijiunga wenyewe.

Kuku yule hatukumchinja kamwe.

Bibi yako