Saa Mbili za Mchumba, Saa Mbili za Mama

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, maana nashona magauni ya harusi za watu huku yangu inaelekea kuvunjika. Mimi ni fundi cherehani, mchumba wangu ni fundi friji katika mji ulio kilomita mia tisa kutoka kwetu, na mama alinung'unika sana kwamba ni mbali, lakini mwishowe akalainika, akamwita aje kujitambulisha. Basi siku moja kabla mchumba akampigia simu, "Usiwe na wasiwasi mama, ndege ni saa mbili tu," naye mama akaelewa atafika saa mbili asubuhi, shangazi na baba wadogo wakaketi sebuleni na nguo zao za kutokea, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena, baba mdogo akasinzia kofia ikaangukia kwenye biskuti, na mchumba akaja kubisha hodi saa nane mchana, anatabasamu! Mama akamuuliza, "Baba, saa mbili yako ina masaa mangapi?" Akajitetea kwamba alimaanisha muda wa ndege kuruka, mama akauliza, "Na kwako umetoka saa ngapi?" akajibu, "Saa kumi alfajiri," hapo ndipo moto ulipowaka, mama akasema huyu ni mwongo mara mbili, na mtoto wake haolewi katika mji ambao hata umbali wake haueleweki. Nimemwonyesha ramani kwenye simu, kaniambia nikaolewe na hiyo simu. Mchumba nampenda, na mama sina mwingine. Nifanyeje?

Uzi Umekatika

Pole, binti. Nimecheka kwanza, sasa tuzungumze.

Mchumba wako si mwongo, ni bahili wa maneno. Anayekwenda ukweni hasemi "ndege ni saa mbili" akaishia hapo. Saa za angani ni za rubani. Foleni ya kwenda uwanjani, kukaguliwa mabegi, kusubiri ndege iliyochelewa, teksi ya kuja kwenu, yote hiyo ni safari, na wazee wenu wameikalia kwenye viti. Na wewe, chai inapoa mara ya pili, hukujiuliza kitu? Kuuliza si ujinga.

Ramani iache. Mama hajakuuliza kilomita. Anataka kujua, akiugua akakuita, utafika lini, na hilo linamuuma hata kulitamka. Kaa naye, umpe jibu la mlango kwa mlango: "Mama, ukiniita alfajiri, mchana niko kwako." Usipunguze hata dakika ili kumfurahisha.

Kisha mchumba arudi kuwaomba radhi wazee, ataje saa ya kubisha hodi, na ole wake achelewe. Akisamehewa, mkatieni mama tiketi, akae dirishani, aione mwenyewe njia ya kukufikia. Ila nakuonya mapema: mama akishaizoea ndege hiyo, atakayeniandikia kulalamika kwamba miji hii imekaribiana mno ni mumeo.