Barafu na Viazi vya Shangazi

Mama Neema wangu, poleni na joto la Rujewa.

Huku Uporoto leo alfajiri nimekuta maji ya beseni yameganda! Unajua ninavyofuatilia habari za barafu redioni kuliko wenzangu wanavyofuatilia mpira. Nikaita, "Shangazi, njoo uone! Wanasema barafu ya bahari ya ncha ya kaskazini inapungua."

Hakugeuka. Alikuwa akichoma majani mabichi pembeni mwa shamba, moshi ufunike viazi visiungue kwa baridi.

"Basi waambie waje wachukue hii, baba. Inaniulia viazi."

Nikaliacha beseni, nikabeba majani. Jua limetoka, nusu ya shamba imepona. Nanuka kama kambale mkavu. Nikifika nikumbatie kwanza, kisha ndipo ulalamike.

Wabusu watoto.

Baba Neema