Baba, Tunaliuza Jengo la Redio

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku Same upepo wa jioni bado unashuka kutoka milimani vilevile ulivyouacha. Unagonga mabati, unanyamaza, unarudi tena. Nimekaa kwenye ngazi za jengo lako na kalamu mkononi, na mara nyingine najiuliza kama nakuandikia au naota.

Wiki hii kulikuwa na mkataba unasubiri saini yangu. Nakijwa, mdogo wangu, ndiye anayeiendesha kampuni tangu ulipotuacha, naye alikuwa ameshaweka yake. Nikiweka na mimi, jengo lote la ofisi, chini na juu, linakwenda kwa mfanyabiashara wa magodoro, na kampuni yetu ya redio na taa za sola inahamia fremu mbili za kupanga nyuma ya soko. Nisipoweka, jengo linabaki letu na kampuni inafia ndani yake.

Unanijua. Nilimjibu palepale: "Siuzi!" Miaka yote nimewachapa magazetini watu wanaouza: mashamba ya bibi zao, viwanja vya michezo vya watoto, chochote chenye mnunuzi. Niliwahi kuandika kwamba taifa la namna hiyo linauza paa ili linunue mwavuli. Nakijwa alinitazama, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Dada, huo mwavuli wako ni mzuri sana gazetini. Sasa niambie, fundi Shabani mwisho wa mwezi nimpe tofali?"

"Jengo hili ni la msaragambo, Nakijwa! Watu walishuka kutoka Vudee, kule milimani, kuja kulijenga bure!"

"Najua, nilikuwepo. Nilibeba maji. Wewe ulikaa juu ya rundo la mchanga unasoma."

Baba, alinipata.

Nayakumbuka makande ya siku ile, yakitokota kwenye masufuria makubwa kando ya barabara. Nakumbuka wanaume wakipokezana mawe, na akina mama wakiwatania kwamba wanabeba kama wanabembeleza watoto. Hukumwajiri mtu. Baragumu lilipigwa kule juu, watu wakaja, kwa sababu hakukuwa na redio Vudee nzima ambayo haikuwahi kulala mezani kwako.

Na chumba kile cha juu! Redio zilizokwisha kupona zilipangwa rafuni zikisubiri wenyewe, nawe uliziacha zote zikiimba kwa sauti ya chini, kila moja na stesheni yake. Nililala kwenye benchi la wateja, mahubiri yakiingia ndani ya taarabu, taarabu ndani ya mpira, mpira ndani ya habari, mpaka vyote vikawa mto mmoja unaopita kichwani mwangu. Nadhani sijawahi kuamka kabisa kutoka usingizi ule. Siku moja nilikusikia ukimwambia mama, "Huyu mtoto anabishana na redio hata akiwa amelala." Mama akakujibu, "Afadhali abishane nazo, maana haziwezi kumchapa."

Juzi nilipanda Vudee, kaburini kwako. Sitakuficha, nilifuata nguvu za kukataa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migombani, na ndani ya ukungu huo nikasikia baragumu. Nilidhani nimekusikia wewe. Nikateremka mpaka kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani. Ilikuwa siku ya kulisafisha. Walikuwa wamezibua tundu na maji yote yalikuwa yanakwenda zake, yanameta kidogo, yanapotea.

Bibi harusi mmoja, aliyeolewa huko akitokea tambarare, alishika kichwa. "Jamani, maji yote haya!"

"Mwacheni alie," akasema mwanamke mwenye jembe. "Wewe mwali, kwenu sufuria mnaisugua na uji ukiwa ndani?"

Wakacheka mpaka ukungu ukatikisika. Nami nikawa mdogo tena, mkono wangu ndani ya wako, nalia kwa sababu maji yanaondoka. "Tulia," uliniambia. "Tope likiachwa, mwakani hatutakuwa na ndiva. Tutakuwa na shimo la nyasi." Kisha ukavua viatu ukaingia topeni na suruali yako ya kanisani.

Usidhani nilishuka nimelainika. Nilimkuta Nakijwa ofisini, nikamshambulia. Nilimwambia ndiva hufunguliwa na watu walioshika majembe. Anayefungua maji kisha akaenda kulala ni mwizi. Kama fedha hii ni ya gari jipya au ya viti vya kuzunguka, nitamwandika yeye kwa jina lake, damu yangu au si damu yangu.

Hakupandisha sauti. Alinifungulia milango ya juu, mmoja baada ya mwingine, yote ila wa chumba chako, ambamo Shabani bado anafanyia kazi. Vumbi. Meza ambazo hakuna anayezikalia. Chumba cha mikutano chenye popo. "Hili ndilo tope letu, dada," alisema. "Fedha ni ya vipuri na ya mafundi. Ukiona nimenunua kiti, niandike."

Nilitia saini, Baba, jana mchana.

Kisha nikapanda chumba chako. Shabani, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameziacha redio zote zikiimba kwa sauti ya chini. Nikajilaza kwenye benchi. Sikubishana na hata moja.

Jumamosi tunahama. Nimekwenda mwenyewe kuwaomba watu wa Vudee, na baragumu litapigwa. Waliobeba mawe wengi wamekufuata huko uliko, lakini watoto wao wamesema watashuka. Makande nitapika mimi, uwahurumie. Na benchi la wateja nimekataza lisiguswe na mtu. Nitalibeba mimi, kichwani, kupita katikati ya soko, na Nakijwa amekwisha sema atatafuta rundo la mchanga akae juu yake anitazame.

Lala, Baba. Tumeshavua viatu.

Mimi mwanao,
yule anayebishana na redio.